Cheni au mkanda? Ulinganisho kwa wenye mashine wa Nyanda za Juu Kusini

Pawatila, yaani trekta dogo la mkono, inayovuruga tope kwenye majaruba ya Ubaruku imebeba njia zote tatu za kupeleka nguvu tutakazolinganisha hapa: mkanda, gia na cheni. Nguvu inatoka kwenye injini kwa mikanda, inaingia kwenye giaboksi, na katika pawatila nyingi inafika kwenye majembe kwa cheni iliyofungiwa ndani ya kasha la pembeni lenye oili. Mpangilio huo una sababu. Injini inakwenda mbio na kutetemeka, ndiyo maana ikapewa mikanda. Kupunguza na kubadilisha mwendo ndani ya nafasi ndogo ni kazi ya gia. Majembe yanazunguka taratibu huku yakikabana na udongo mzito na mizizi, na mahali pa namna hiyo ni pa cheni.

Anayeunda au kukarabati mashine yake Igurusi, Mafinga, Makambako au Vwawa ana uamuzi uleule wa kufanya. Tatizo ni kwamba mara nyingi uamuzi huo unafanyika dukani, mbele ya rafu, kwa kuangalia kilichopo na bei yake. Matokeo yake tunayaona: lifti ya mpunga inavutwa na cheni ya pikipiki inayokatika katikati ya msimu, au mikanda minne imebanwa kwa nguvu zote mahali ambapo cheni moja ingefanya kazi bila kelele za kuteleza. Mimi nashikilia kwamba maswali yana mpangilio wake. Kwanza shafti inazunguka kwa kasi gani. Pili mzigo ni mzito kiasi gani. Tatu panapofanyika kazi pana vumbi, maji au chakula. Bei inafuata baada ya hapo, na ukizingatia hayo matatu utakuta bei yenyewe imepungua kwa hesabu ya mwaka mzima.

Kasi ndiyo inayoamua

Watu wengi hupima mashine kwa hospawa peke yake. Hospawa hazitoshi kukuambia ufunge nini, kwa sababu nguvu ileile ikipita kwenye shafti inayokwenda taratibu inageuka kuwa mvuto mkubwa mno.

Chukua mashine ya kusaga ya nyundo yenye mota ya kilowati 15, yaani hospawa 20, na shafti inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Puli yake ikiwa na kipenyo cha milimita 150, mvuto unaofanya kazi kwenye mkanda ni kama kilo 65 tu. Sasa chukua lifti ya kupandisha nafaka yenye mota ya kilowati 2, lakini shafti yake, baada ya mwendo kupunguzwa, inazunguka mara 60 kwa dakika. Ukiweka puli ileile ya milimita 150, mvuto unafika kama kilo 430. Mota ni ndogo zaidi ya mara saba, lakini mvuto umeongezeka zaidi ya mara sita.

Hapo ndipo mkanda unaposhindwa. Mkanda unashika kwa msuguano, na msuguano una kikomo chake. Utaukaza mpaka beringi zipate moto, na bado utateleza. Cheni haitegemei msuguano. Rola, kile kigurudumu kidogo cha kila kiungo cha cheni, inakaa kwenye jino la sproketi (gurudumu la meno linalovalishwa cheni), na jino haliteleshi.

Geuza mfano. Ukifunga cheni kwenye ile mashine ya kusaga, yenye pichi (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 12.7 na sproketi ya meno 17, itakimbia karibu mita 11 kwa sekunde. Kasi hiyo inahitaji cheni iogelee kwenye oili ndani ya kasha lililozibwa vizuri, na oili hiyo iwe jirani na unga wa watu. Hakuna sababu ya kujiingiza huko. Mashine ya kusaga ni ya mkanda, na aliyekuambia cheni itaokoa umeme hajafikiria unga.

Mkanda na cheni, uso kwa uso

Sifa kubwa ya mkanda ni kwamba unasamehe. Jiwe likiingia na mahindi, au gunzi likikwama kwenye mashine ya kupukuchua, mkanda unateleza, unapiga kelele, unatoa harufu ya mpira, na wewe unapata nafasi ya kuzima. Kwenye cheni nafasi hiyo haipo. Kitu kikikwama, cheni inaendelea kuvuta mpaka kitu dhaifu kuliko vyote kikatike: kii (kipande cha chuma kinachofungia sproketi kwenye shafti), shafti, jino, au cheni yenyewe. Kwa hiyo kila mtu anayefunga cheni kwenye mashine inayoweza kukwama aweke pini laini ya makusudi kati ya sproketi na shafti, pini ambayo itakatika kabla ya vingine. Pini hiyo ni ya bei ndogo na inabadilishwa hapohapo shambani. Ukikuta imekatika, usibandike msumari mgumu wala nondo mahali pake, maana utakuwa umeondoa ulinzi pekee uliokuwepo.

Mkanda pia ni mkimya, hauhitaji oili, na unavumilia puli ambazo hazijanyooka sawasawa, ingawa kwa kulika upande mmoja. Unaagizwa kwa herufi na namba: A una upana wa milimita 13, B milimita 17, C milimita 22, na namba inayofuata ni urefu wa ndani kwa inchi, kwa hiyo B75 ni mkanda wa B wenye inchi 75. Maduka ya Mwanjelwa na ya Iringa mjini hayakosi saizi hizi. Mashine ikitumia mikanda mitatu, nunua mitatu mipya kwa pamoja. Mkanda mpya mmoja kati ya mikuukuu miwili unabeba mzigo wa wenzake na kufa mapema.

Udhaifu wa mkanda unaanza polepole. Ukiwa mpya na umekazwa vizuri, unafikisha kama asilimia 95 ya nguvu iliyoingia. Ukilegea, kiwango kinashuka, na tofauti inageuka joto. Kwa ukanda wetu upotevu huo una uzito wa pekee. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi. Injini ya dizeli isiyo na turbo kwenye mwinuko huo imekwishapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Ukiongeza mkanda unaoteleza, injini uliyoinunua kwa hospawa 20 inafanya kazi kama ya 16, na wewe unalaumu injini.

Cheni iliyonyooka na yenye oili inafikisha asilimia 97 au 98, na haibadiliki sana mpaka ichakae. Haihitaji kukazwa kama uzi wa gitaa, kwa hiyo beringi zinapumua. Upande usiovuta unatakiwa ulegee kidogo: kwa cheni iliyolala, mlegeo wa asilimia 2 ya umbali kati ya shafti mbili, yaani sentimita 2 kwa kila mita moja. Cheni moja inaweza kuzungusha shafti tatu au nne kwa wakati mmoja, na zote zikaenda kwa uwiano usiobadilika. Tena kuna jambo ambalo fundi wa shambani analithamini kuliko yote: cheni inafunguliwa kwenye loki, kile kiungo chenye klipu, na kuvalishwa bila kutoa shafti. Mkanda wa V ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, na kwenye mashine ambayo shafti imeshikwa pande zote mbili, kubadilisha mkanda mmoja ni kazi ya nusu siku.

Inachodai cheni ni oili, kunyooka, na kinga dhidi ya vumbi. Ukiinyima hivyo, mkanda utaishinda hata mahali ambapo kwa haki ulikuwa wa cheni.

Gia nitazipita haraka. Zinafaa zikiwa ndani ya kasha lenye oili, kutoka kiwandani, kwa umbali mdogo kati ya shafti. Kuzitengeneza upya huku kwetu ni gharama, na zikikosewa umbali hata kidogo zinatafunana. Kwa fundi wa kawaida, gia ni kitu cha kununua kikiwa kwenye giaboksi iliyokamilika na kuacha ndani ya giaboksi hiyo.

Ukishachagua cheni, cheni ipi?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Cheni ya rola tunayoitumia leo ni ile aliyoibuni Hans Renold, mhandisi aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Manchester, mwaka 1880. Ina sahani za ndani na za nje, pini, bushi inayozunguka kwenye pini, na rola inayozunguka juu ya bushi. Rola ndiyo inayogusa jino la sproketi, na kwa kuwa inazunguka, jino halikwaruzwi sana. Baadaye Waingereza wakawa na vipimo vyao na Wamarekani vyao, na leo kiwango cha kimataifa, ISO 606, kinatambua familia zote mbili. Madukani kwetu zote mbili zipo, zimechanganywa, na kwa macho zinafanana.

Namba za Kimarekani zinasomeka hivi: tarakimu ya mwisho weka kando, iliyobaki ni pichi kwa sehemu za nane za inchi. Cheni 40 ina pichi ya nne ya nane, yaani nusu inchi. Cheni 80 ni inchi nzima. Namba za Kiingereza zina herufi B, na tarakimu zake ni sehemu za kumi na sita: 08B ni nusu inchi, 16B ni inchi nzima. Cheni za pikipiki zina mtindo wao, ambapo 4 ya mwanzo katika 428 ni nusu inchi na tarakimu zinazofuata zinaeleza upana.

Pichi ni umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Linganisha vipimo hivi, vyote kwa milimita:

| Cheni | Pichi | Upana wa ndani | Kipenyo cha rola |
|---|---|---|---|
| 40 | 12.7 | 7.85 | 7.92 |
| 08B | 12.7 | 7.75 | 8.51 |
| 428 | 12.7 | 7.94 | 8.51 |
| 50 | 15.875 | 9.40 | 10.16 |
| 10B | 15.875 | 9.65 | 10.16 |
| 60 | 19.05 | 12.57 | 11.91 |
| 12B | 19.05 | 11.68 | 12.07 |
| 80 | 25.4 | 15.75 | 15.88 |
| 16B | 25.4 | 17.02 | 15.88 |

Tazama mistari mitatu ya kwanza. Zote zina pichi ya nusu inchi, na muuzaji atakuambia kwa moyo mweupe kwamba ni kitu kimoja. Lakini rola ya 40 ni ndogo kuliko za wenzake kwa zaidi ya nusu milimita. Ukivalisha 428 au 08B kwenye sproketi iliyokatwa kwa ajili ya 40, rola haikai kwenye kitako cha jino. Inapanda ubavuni, cheni inakaza na kulegea kila mzunguko, na meno yanaanza kuchongoka muda si mrefu. Kinyume chake, 428 na 08B zinaelewana karibu kabisa. Sproketi ya 08B inapokea cheni ya bodaboda vizuri, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mtu aliye mbali na mji.

Kwa 50 na 10B hali ni nyepesi, kwa sababu rola zinalingana na upana unakaribiana. Kwa 60 na 12B jihadhari na upana: sproketi nene ya 60 inabana ndani ya 12B. Nenda dukani na kipande cha cheni ya zamani pamoja na venia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma milimita. Kupima rola kwa venia ni jambo la dakika moja, na duka lolote zuri la spea wanayo.

Cheni ya bodaboda kwenye mashine

Inapendwa kwa sababu inapatikana kila senta, kuanzia Mbalizi mpaka Kilolo. Siipingi yote. Kwenye kazi nyepesi, kama kuzungusha mrija mdogo wa kulishia pumba au kifaa cha kupanga mbegu, inafaa. Swali ni mvuto.

Rudi kwenye ile lifti ya kilowati 2 na mizunguko 60. Ukiweka sproketi ya meno 17 yenye pichi ya nusu inchi, kipenyo chake ni kama milimita 69 tu, na mvuto kwenye cheni unafika kilo 940. Nguvu ya kukatika ya 08B kwa kiwango cha ISO ni kama kilo 1,800, na 428 ya kawaida iko jirani na hapo. Kwa 40 ni kama kilo 1,400. Maana yake cheni inavutwa nusu au zaidi ya nguvu yake yote, saa baada ya saa. Kanuni ya kufuata ni kutovuka sehemu moja ya sita ya nguvu ya kukatika, na kwa mzigo unaoshtuka shuka chini ya hapo.

Ukichukua cheni 60, yenye nguvu ya kukatika ya kama kilo 3,190, na sproketi ya meno 21, mvuto unashuka hadi kama kilo 507. Hiyo iko ndani ya sehemu moja ya sita. Ukichukua cheni 80 na meno 17, mvuto ni kama kilo 470 dhidi ya kilo 5,670, na hapo unaweza kulala usingizi. Angalia kilichotokea: cheni imekuwa nene, na sproketi imekuwa kubwa. Sproketi kubwa inapunguza mvuto kwa mzigo uleule, kwa hiyo mara nyingine dawa ya cheni inayokatika ni kuongeza kipenyo cha sproketi zote mbili kwa uwiano uleule, bila hata kubadilisha aina ya cheni.

Cheni ya safu mbili nayo ni chaguo pale ambapo nafasi haitoshi kwa sproketi kubwa. Haibebi mara mbili kamili, bali kama mara 1.7 ya safu moja, kwa kuwa mzigo haugawanyiki sawasawa. Inadai shafti zilizonyooka barabara. Kwenye fremu ya kuchomelea iliyopinda, safu moja itabeba na ya pili itatalii.

Kuhusu ubora, tazama mambo matatu kabla ya kulipa. Namba ipigwe chapa kwenye sahani, si kwenye boksi peke yake. Rola isiwe na mshono, kwa sababu rola iliyokunjwa kutoka kwenye bati inafunguka ikianza kupigwa na jino. Kisha shika kipande cha mita moja kwa mlalo huku pini zikiwa zimesimama wima. Cheni nzuri inapinda kidogo, na ile mbovu inaning'inia upande kama imetumika tayari. Nunua idadi ya viungo inayogawanyika kwa mbili ili ukwepe nusu kiungo, maana nusu kiungo ndicho kinachokatika kwanza.

Sproketi: ya kununua au ya fundi?

Mafundi wetu wa kukereza chuma Mbeya na Iringa wanakata sproketi nzuri, na mimi nawapendekeza, ila kwa sproketi kubwa. Sproketi kubwa ina meno mengi, na kila jino linapata zamu yake kwa nadra. Chuma cha kawaida kinavumilia. Ile ndogo, inayovuta, jino lake linagongwa kila mara. Inatakiwa iwe ya chuma kilichotiwa ugumu kwa moto, kwa hiyo hiyo inunuliwe ya kiwandani. Meno yaliyokatwa kwa gesi na kusawazishwa kwa grainda kwa kukadiria kwa jicho yatakula cheni mpya ndani ya msimu mmoja, hata kama cheni yenyewe ni bora.

Idadi ya meno isishuke chini ya 17 kwa sproketi ndogo, isipokuwa mwendo uwe wa taratibu sana. Cheni haizunguki kama duara kamili, inazunguka kama umbo lenye pembe, kwa hiyo mwendo wake unapanda na kushuka. Kwa meno 11 tofauti hiyo ni kama asilimia 4 kila jino linapopita. Kwa meno 17 ni chini ya asilimia 2. Mtetemo unaousikia kwenye fremu, na boliti zinazolegea zenyewe, mara nyingi vinaanzia hapo. Chagua idadi ya meno isiyogawanyika kwa mbili, kama 17, 19 au 21, ili kiungo kilekile kisirudie jino lilelile kila mara. Na usitake kupunguza mwendo zaidi ya mara 6 au 7 kwa hatua moja. Ikihitajika zaidi, weka hatua mbili.

Cheni mpya haivalishwi kwenye sproketi zilizochongoka. Hiyo ni hasara ya moja kwa moja.

Vumbi la Ismani, mvua ya Rungwe

Ukanda huu mmoja una hali za hewa kadhaa, na cheni inazihisi zote. Kiangazi cha Ismani kina vumbi laini linaloingia kila mahali. Rungwe kuna mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi. Usangu ina tope na maji. Njombe asubuhi za Juni na Julai oili inakuwa nzito.

Penye vumbi, kosa kubwa ni grisi. Watu wanaipaka nje kwa upendo, cheni inang'aa, lakini grisi haipenyi kufika kati ya pini na bushi, ambako ndiko kunakolika. Inabaki nje ikikusanya vumbi na kutengeneza kitu chenye kukwangua. Oili chafu ya kumwaga kutoka kwenye injini ni mbaya vilevile, kwa sababu imebeba masizi na chembe za chuma. Tumia oili safi ya SAE 30 kwa joto letu la kawaida, na SAE 20 kwa sehemu za baridi kali kama Makete. Itie kwa brashi au tone kwa tone kwenye kingo za sahani za upande uliolegea, mashine ikiwa imezimwa na kugeuzwa kwa mkono. Kidogo na mara kwa mara. Kisha futa ya ziada.

Penye vumbi au tope la kudumu, kasha lililozibwa lenye oili chini yake linashinda njia nyingine zote. Ndicho wanachofanya watengenezaji wa pawatila. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia kasha la bati lenye mfuniko wa boliti na kizibo cha kutolea oili. Oili igusane na sehemu ya chini tu ya cheni. Ukizamisha cheni yote, oili inachemka na kutoa povu.

Kwa wenye bodaboda wa vilima vya Tukuyu na Ileje, ulinganisho ni kati ya cheni ya kawaida na ile yenye pete za mpira zinazofungia grisi ndani ya pini. Ya pete ni ghali zaidi, na kwenye matope na mvua inastahili bei yake. Lakini ukiisafisha kwa petroli na brashi ya waya, unaharibu pete, na hapo umelipa ziada bila faida. Kama huwezi kuacha mazoea hayo, nunua ya kawaida na uitunze.

Namna ya kujua imekwisha

Tunasema cheni imevutika. Kwa kweli sahani hazirefuki. Kinacholika ni pini na bushi, kidogo kidogo kwenye kila kiungo, na jumla yake ndiyo urefu unaouona. Ikizidi asilimia 3, rola zinapanda juu ya meno na kuanza kuruka.

Futikamba inatosha kupima. Vuta cheni inyooke, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini: viungo 24 kwa cheni za nusu inchi, viungo 16 kwa 60 na 12B, viungo 12 kwa 80 na 16B. Zote, zikiwa mpya, zinatoa milimita 304.8. Zikifika 314, badilisha. Kwa 50 na 10B pima viungo 20, ambavyo vikiwa vipya ni 317.5 na kikomo chake ni 327. Mashine isiyo na nafasi ya kukazia isingoje asilimia 3. Ishughulikie ikifika asilimia moja na nusu.

Kwa mashine zetu

Kusaga na kukoboa: mkanda, bila mjadala. Kukoboa mpunga vilevile, ila lifti na mikono ya kulisha ndani ya mashine hiyo ni ya cheni.

Mashine ya kupukuchua mahindi inataka vyote viwili. Ngoma inayopiga mahindi iendeshwe kwa mkanda kwa sababu ya mikwamo, na mrija wa kutoa punje, kama unazunguka taratibu, uende kwa cheni.

Misumeno ya dingdong, ile midogo ya kupasulia mbao, kule Sao Hill inazungushwa kwa mikanda, na ibaki hivyo. Msumeno ukikutana na fundo gumu la mti, mkanda unateleza na mtu anaokoka. Mahali pa cheni pale ni kwenye kusogeza gogo, kazi ya taratibu na nzito.

Karasha za mawe Chunya: mkanda. Mshtuko wa jiwe ni mkubwa mno kwa cheni, na gurudumu zito la karasha lenyewe ndilo puli. Kwa pipa la kuchanganya chakula cha mifugo, linalozunguka mara 20 au 30 kwa dakika, chukua cheni ya 60 au 80 kutegemea ukubwa, na usikubali ushawishi wa kuweka ya pikipiki.

Chochote utakachofunga, kifunike. Cheni haiachii kitu ilichokishika, na kwenye mashine za vijijini wanaopita karibu ni akina mama wenye khanga na vitenge na watoto waliotumwa kusaga. Kinga ya bati au wavu, iliyofungwa kwa boliti, inatengenezwa kwa masalia ya karakana. Kwenye loki ya cheni, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda na mdomo ulio wazi ubaki nyuma, vinginevyo kitu chochote kitakachoigusa njiani kinaweza kuichomoa. Kisha geuza mashine kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla ya kuwasha.